Mjadala: Je, mabanda ya gemu ya Kigoma yatenge nafasi kwa michezo inayoweza kumalizwa yote?

Mtoa mada (Mwanga)

Ndugu zangu wa Kigoma Ujiji, naleta hoja ambayo imebishaniwa vijiweni kwa muda mrefu bila kuwekwa kwenye maandishi. Karibu kila banda la gemu mjini kwetu linaishi kwa mchezo mmoja, nao ni mpira wa miguu: wawili wanashika pedi, anayefungwa analipa na kumpisha anayesubiri, na mechi nyingine inaanza. Sina ugomvi na mpira. Ninachosema ni kwamba kwa kuuachia mpira runinga zote tumewanyima wachezaji starehe nyingine, ambayo kwangu mimi ni kubwa zaidi: kuuchukua mchezo wenye mwanzo na mwisho, kuupekua hadi uchochoro wake wa mwisho, na kuuacha ukiwa hauna tena kilichobaki. Napendekeza kila banda litenge runinga moja kwa michezo ya aina hiyo, malipo yawe kwa saa badala ya mechi, na kila mteja awe na sehemu yake ya kuhifadhi alipofikia.

Hoja hii haisimami bila kueleza ni michezo ipi inayostahili kumalizwa, kwa sababu si yote. Wengi waliojaribu kufikisha asilimia mia wakakata tamaa walianza na mchezo usiofaa kwa kazi hiyo, kisha wakailaumu kazi yenyewe.

Chukueni ule tunaoufahamu wengi. Grand Theft Auto: San Andreas, uliotoka mwaka 2004, ulichezwa sana hapa kwenye PlayStation 2, lakini walioumaliza ni wachache, na sababu haikuwa uvivu. Memori kadi ya mashine ile ilikuwa na megabaiti 8, mabanda mengi yalikuwa nayo moja au hayakuwa nayo kabisa, na mji wetu kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa majenereta ya dizeli, kwa hiyo umeme ulipokatika kazi ya mchana mzima ilikwenda nao. Aliyebahatika kuwa na kadi yake mwenyewe alikutana na orodha ndefu: maandishi 100 ya kupulizia rangi kwenye kuta za Los Santos, mmoja wa miji mitatu ya mchezo, picha 50 za kupiga San Fierro, viatu 50 vya farasi Las Venturas, na chaza 50 walio chini ya maji. Tatizo ni kwamba ramani ya mchezo haikuonyeshi kilichobaki kiko wapi. Mtu anaweza kuwa na chaza 49 akaogelea jioni nzima akimtafuta mmoja, bila dalili yoyote kwamba amemkaribia. Hapo starehe imekwisha na iliyobaki ni adhabu, hata kama mwishoni unawekewa kifaru na ndege ya kivita karibu na nyumba ya Grove Street.

Sasa tazameni Marvel's Spider-Man wa mwaka 2018, uliotengenezwa na Insomniac Games kwa ajili ya PlayStation 4. Humo nako kuna vitu vya kukusanya, yakiwamo mabegi 55 ambayo mhusika aliyaacha yamenaswa kwa utando kwenye kuta na mapaa ya New York. Ukishawasha mnara wa eneo husika, mabegi yake yanaonekana kwenye ramani, na ndani ya kila begi mna kitu cha zamani ambacho mhusika anakizungumzia kwa maneno machache, ukazidi kumfahamu. La muhimu zaidi ni safari ya kulifikia. Unaruka kutoka jengo hadi jengo, unauachia utando pale mwendo unapokuwa mkali, unashuka hadi karibu na mapaa ya magari, kisha unapanda tena. Mtu anayetafuta begi la mwisho anafanya jambo lile lile analofanya aliyeanza jana, ila yeye analifanya kwa ustadi, na ustadi huo anausikia mikononi. Kombe la Platinum, ambalo PlayStation humpa aliyekamilisha makombe mengine yote ya mchezo, halimlazimishi hapa kucheza kwenye kiwango kigumu kuliko vyote.

Kipimo changu kinatoka hapo: kazi iliyobaki itokane na tendo lile lile linaloupa mchezo utamu wake, na mchezo wenyewe ukuambie bado nini. Super Mario 64 wa mwaka 1996 una nyota 120, na 70 zinatosha kumfikia adui wa mwisho. Hizo 50 nyingine ni za anayependa, na nyingi kati yake zinadai umahiri wa kuruka ambao umekuwa ukifundishwa tangu uwanja wa kwanza. Miaka mitatu baadaye, kwenye mashine ile ile ya Nintendo 64, ukaja Donkey Kong 64 wenye wahusika watano na ndizi za rangi tano, kila mhusika akiruhusiwa kuokota rangi yake peke yake. Unaingia chumbani, unaziona ndizi za bluu mbele ya macho yako, lakini kwa kuwa unayemtumia ni wa rangi ya njano unazipita kana kwamba hazipo. Unarudi hadi kwenye pipa la kubadilishia mhusika, unamchukua wa bluu, unaifuata tena njia uliyotoka. Kuna ndizi 500 za namna hiyo katika kila dunia, na dunia zenyewe ni saba. Mchezo ule umerefushwa kwa miguu ya mchezaji, si kwa ubunifu wa mtengenezaji, na sitamshauri mtu yeyote aumalize.

Karibuni tujadili.

Mwenye banda (Ujiji)

Ndugu mtoa mada, hoja yako nimeisoma kwa makini na ninaiheshimu, lakini umeiandika ukiwa umekaa upande wa mteja. Runinga yenye mpira inapokea watu wengi kwa saa moja, na walioko kwenye benchi wananunua maji na karanga huku wakisubiri zamu. Runinga hiyo hiyo akiikalia mtu mmoja, benchi linakuwa tupu. Nikimtoza kiasi kinachofanana na mapato ya mechi ataona namwonea, na nikimpunguzia sitafikia gharama ya Luku, achilia mbali bei ya pedi, ambazo huharibika kila mara.

Kuhusu kuhifadhi, nilishamruhusu kijana mmoja kucheza mchezo wa hadithi kwa wiki kadhaa. Akaja mwingine, akaanza upya, akahifadhi juu ya faili la mwenzake. Kilichofuata sipendi kukieleza. Nilichofanya ni kuufuta mchezo wenyewe na kurudi kwenye mpira, ambao hauna cha kufutwa.

Mwalimu (Katubuka)

Mimi nasimama mbali zaidi na mtoa mada kuliko mwenye banda. Mechi ya mpira ina dakika zake, na ikiisha mtoto anaweza kuitwa nyumbani. Mchezo wa kumalizwa wote unamwambia mtoto kila anaposimama kwamba bado kuna kitu hajakipata. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo ya video kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, na si jambo la kuchukuliwa kwa wepesi katika mji ambao wazazi wengi wanashinda sokoni au ziwani na hawajui mtoto yuko banda gani. Naongeza pia kwamba San Andreas, uliotajwa hapo juu kana kwamba ni mchezo wa kila mtu, Ulaya umewekewa alama ya umri wa miaka 18. Mabanda yetu hayaangalii alama hizo kabisa.

Mtoa mada (Mwanga)

Mwalimu, kuhusu alama za umri uko sahihi na ninaungana nawe kikamilifu: runinga ninayoiombea iwe na orodha ya michezo iliyobandikwa ukutani pamoja na umri wake, na mwenye banda awe na wajibu wa kuusimamia. Lakini kuhusu uraibu, naomba tusome walichoandika. Maelezo ya ICD-11 yanataja kushindwa kujizuia, kuupa mchezo kipaumbele juu ya shughuli nyingine za maisha, na kuendelea licha ya madhara yanayoonekana, kwa kawaida kwa kipindi kisichopungua miezi 12. Hakuna mahali panaposema kwamba mchezo wenye hadithi na hesabu ya vitu ndio unaoleta hali hiyo. Mimi ninaihofia zaidi michezo ambayo imepangwa isiishe, ile inayouza pakiti za wachezaji au silaha ambazo mnunuzi hajui ndani mna nini. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya kubahatisha wa Ubelgiji waliamua kwamba kuuza vitu vya namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni ya EA, mtengenezaji wa gemu la mpira la FIFA, ikaacha kuuza huko pointi zinazonunulia pakiti hizo. Kwa hiyo hata mpira tunaousifu kwa dakika zake una mlango wa nyuma usiofungwa. Mchezo unaomalizika unamwachia mchezaji siku ya kuuweka chini.

Mwenye banda, kaka yangu, kwako nina majibu mawili. La faili ni jepesi kwa anayetumia PlayStation 4, kwa sababu mashine hiyo inaruhusu watumiaji wengi, kila mmoja na jina lake, na alichohifadhi mmoja hakichanganyiki na cha mwingine. Anayeweka neno la siri, mwenzake hawezi kulifungua faili lake kwa urahisi. Kwa PlayStation 2, mteja aje na memori kadi yake mfukoni na aondoke nayo.

La mapato ni gumu zaidi, na sitajifanya kwamba hesabu yako haipo. Naomba tu uangalie banda lako asubuhi, kabla ya shule kutoka, na uangalie zile siku za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wanategemea taa kuwavuta samaki kwenye giza, kwa hiyo mwezi unapokuwa mpevu hawaingii ziwani, na kwa siku kadhaa mfululizo wanakuwa nchi kavu bila kazi ya usiku. Ni watu wazima, wana fedha zao, na muda wao unajulikana tangu mapema. Mwaka 2024 Serikali ilipoufunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, nilikaa na baadhi yao, na mmoja aliniambia kwamba amechoka kulipia kufungwa mabao na vijana wenye kucheza kila siku. Mtu kama huyo hawezi kushindana kwenye mpira, lakini mchezo wa hadithi unamsubiri pale alipouachia mwezi uliopita, akarudi na kuendelea. Mteja wa namna hiyo, akishajua faili lake liko kwako, haendi banda lingine.

Mchangiaji (Gungu)

Mnabishana kuhusu banda kana kwamba kila mchezaji anaweza kukaa bandani. Sisi wanawake hatukai humo, na sababu zake mnazijua. Ninacheza Stardew Valley kwa simu nikiwa dukani, mchezo wa kilimo uliotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ukatoka mwaka 2016 na kufika kwenye simu za Android mwaka 2019. Ukishaupakua hauli bando. Humo kuna jumba la jamii lililochakaa ambalo unalifufua kwa kuleta mazao, samaki na vitu vya porini, kila kundi na orodha yake, na kwa kuwa vingine hupatikana msimu mmoja tu, ukipitwa na msimu unaweza kusubiri hadi mwaka wa mchezo uzunguke. Nililikamilisha jumba hilo na nikaridhika. Baadaye nikagundua kwamba tangu toleo la 1.5 kuna hesabu nyingine ya ukamilifu, inayotaka uwe umepika kila chakula na kuvua kila samaki. Sikuifuata, wala sijisikii kwamba sijamaliza. Nani aliyewaambia kwamba mwisho wa mchezo ni asilimia mia?

Mtoa mada (Mwanga)

Dada yangu wa Gungu, umenigusa mahali penye uzito, na kuhusu banda kuwa la wanaume peke yao sina utetezi. Pendekezo langu halijalitatua hilo na linahitaji mjadala wake.

Kuhusu asilimia mia, nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. The Legend of Zelda: Breath of the Wild wa mwaka 2017 umeficha mbegu 900 katika nchi yake, lakini 441 zinatosha kukuza mikoba yote ya silaha, pinde na ngao. Anayezikusanya zote anapewa zawadi isiyomwongezea nguvu wala silaha. Mahekalu 120 ya mchezo huo huo ni jambo jingine kabisa: mengi yana fumbo lake, na aliyeyamaliza yote anapata mavazi ya shujaa. Mimi ningeyatafuta mahekalu yote na kuziacha mbegu mahali zilipo, na ningesema nimeumaliza mchezo. Tunapotofautiana ni hapa: wewe unaona kila mchezaji ajichagulie mwisho, nami naona mtengenezaji mzuri ndiye anayepaswa kuuweka mwisho mahali panapofaa, kama alivyofanya aliyekuwekea jumba la jamii.

Mwenye banda (Ujiji)

La wavuvi nalifikiria, maana ni kweli siku hizo asubuhi runinga mbili zinakaa bure. Sina fedha ya kununua michezo mingi. Nitajie mmoja wa PlayStation 2 na mmoja wa PlayStation 4, tena isiwe ya kumkalisha mtu mwaka mzima.

Mtoa mada (Mwanga)

Kwa PlayStation 4 weka Spider-Man niliouelezea. Kwa PlayStation 2 tafuta Shadow of the Colossus wa mwaka 2005. Una majitu 16 na hauna maadui wengine njiani. Kila jitu ni fumbo la mahali pa kushika, njia ya kupandia na wakati wa kung'ang'ania linapojitikisa, na upanga wa mhusika unaakisi mwanga kuelekea liliko linalofuata, kwa hiyo hakuna anayepotea akitafuta kilichobaki. Mvuvi anaweza kuumaliza ndani ya kipindi kimoja cha mbalamwezi. Nipo tayari kukuazima nakala yangu kwa majaribio, mradi tukubaliane kwanza bei ya saa ya asubuhi, na wenye mabanda wengine wanaosoma hapa waandike wao wangetoza kiasi gani.