Blogu ya kahawa na migomba inakosa wasomaji na naandika kila siku. Tatizo liko wapi?

Kihamba_Kibosho

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu.

Niko Kibosho, Moshi Vijijini. Nina blogu niliyoianzisha kwa ajili ya kahawa na migomba, maana ndiyo kazi ya nyumbani: kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kahawa chini ya migomba, mfongo (mfereji wa maji) unapita juu kidogo ya boma. Mwanzoni niliandika jinsi ya kukatia kahawa iliyozeeka, machipukizi yapi ya mgomba yaachwe na yapi yang'olewe, mambo kama hayo. Wasomaji hawakuwa wengi ila walikuwa wanauliza maswali.

Nikashauriwa niongeze vitu ili watu wajae. Siku hizi naweka matangazo ya ajira, matokeo ya mpira, habari za viongozi, simulizi za mapenzi, na kilimo nikipata nafasi. Nikiweka ajira watu wanafurika, kesho yake kimya. Wakulima hawaulizi tena. Matangazo ya biashara pembeni hayarudishi hata hela ya bando.

Naomba kujua kutoka kwa waliodumu: blogu inakufa kwa sababu gani hasa? Niongeze kuandika, nihamie video, au nifunge?

Mdau_Pasua

Mkuu usifunge. Ongeza kasi tu. Tupia linki kwenye magrupu ya WhatsApp asubuhi na jioni, na vichwa viwe vya kushtua. Watu wa siku hizi bila kushtuliwa hawabonyezi.

Fundi_Ngarenaro

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngarenaro, Arusha, na nina blogu ya ushonaji inayosomwa mpaka leo. Nakujibu kwa ninayoyaona kwenye kazi hii.

Kwanza, ndugu yangu wa Pasua, hapo sikubaliani nawe. Kichwa cha kushtua kinamleta mtu mara moja. Akifungua asikute alichoahidiwa, analishika jina la blogu kwa ubaya na harudi. Na grupu linalomwagiwa linki kutwa mara mbili linazoea kuzipita zote, hata ile ambayo ingemsaidia mtu.

Sasa wewe wa Kibosho. Katika yote uliyoandika, lililonigusa ni kwamba wakulima wameacha kuuliza. Hapo ndipo blogu ilipoanza kufa, hata kama idadi ya wanaofungua ilikuwa inapanda. Mtu anayeuliza swali ni mtu anayekuamini. Alikuja kwa sababu unajua kitu anachokihitaji shambani kwake. Siku alipofungua akakuta matokeo ya mpira, akadhani amekosea mlango. Aliporudi akakuta simulizi ya mapenzi, akaacha kurudi. Hakukuaga, na hakuna takwimu itakayokuonyesha kwamba aliyeondoka ni yeye na aliyeingia ni kijana wa Mtwara anayetafuta ajira.

Huyo wa ajira hana ubaya wowote, lakini hakuja kwako. Alikuja kwa tangazo ambalo lipo kwenye kurasa mia nyingine, na tarehe ya mwisho ikipita lile tangazo ni taka. Ile makala yako ya kukatia kahawa haiozi. Mbuni unakatiwa leo kama utakavyokatiwa miaka kumi ijayo.

Issa Michuzi alipoanza blogu yake mwaka 2005, tayari alikuwa mpiga picha wa gazeti la Daily News. Watu walimfuata kwa sababu alikuwepo kwenye matukio na kamera yake, na picha zile ulikuwa huzipati kwingine. Baada yake walikuja wengi waliokuwa wanachukua picha na habari za wenzao na kuzibandika. Mwenye kubandika anategemea jasho la mwingine, na msomaji akishajua kisima kilipo anakwenda kuchota mwenyewe. Tena kuna sheria: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Makala ya mtu na picha ya mtu ni mali yake.

Nikuonyeshe upande wangu. Makala inayosomwa kuliko zote kwenye blogu yangu inaitwa "Cherehani inaruka mishono, nifanye nini?" Ndani ni maelezo ya kawaida kabisa: kagua kama sindano imepinda au imechoka, kama imeingia mpaka juu, kama upande wake bapa umeelekea kunakotakiwa na mashine yako, na kama namba yake inalingana na kitambaa. Sindano ya kitenge ukiitumia kwenye jinzi, mishono itaruka. Hakuna habari ya dharura pale. Lakini mtu aliyekaa na kazi ya mteja saa nne usiku anaandika maneno hayohayo kwenye Google, na yananileta mbele yake.

Nimepita kwenye blogu yako kabla ya kuandika hapa. Una makala nzuri sana ya kutu ya majani, imeelezwa na mtu aliyeshika jani kwa mkono wake. Kichwa chake ni "Karibuni tena wadau wetu". Nani ataandika hivyo kwenye Google? Mkulima haandiki hata "kutu ya majani" kama halijui jina. Anaandika anachokiona: majani ya kahawa yana unga wa rangi ya chungwa kwa chini, majani yanapukutika. Chukua maneno hayo uyafanye kichwa, kisha jina la ugonjwa lije katika mstari wa kwanza. Ukitaka kujua watu wanaandika nini, unganisha blogu na Search Console ya Google. Ni bure, na inakuonyesha maneno waliyotafuta mpaka wakafika kwako. Mimi makala zangu nyingi zimezaliwa humo.

Jambo jingine ambalo blogu nyingi zinakosa ni majira. Sketi ya shule ya marinda inatafutwa Desemba na mwanzoni mwa Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Mimi naiandika Oktoba, kwa sababu ukurasa mpya unahitaji muda mpaka Google waujue na kuupandisha. Wewe ukiandika kuhusu kuanika kahawa kwenye vichanja wakati watu wameshaanza kuchuma Julai, umechelewa. Andika Mei. Na mwakani usiandike upya: ifungue ileile, ongeza ulichojifunza msimu huu, weka picha mpya. Kuandika kila siku kunawaua wengi kwa uchovu. Makala moja nzito kwa wiki mbili inatosha kabisa kwa blogu ya kilimo.

Video ni juu yako. Kukatia kahawa kwa kweli kunaeleweka zaidi ukiona mkono na msumeno. Lakini kama haijulikani unaongea na nani, utalipeleka tatizo hilohilo kwenye video, na bando litakuwa kubwa zaidi.

Usifunge. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wako Lyamungu, si mbali na kwenu, na watafiti wao wana elimu ambayo mkulima wa Rombo au Uru haipati kirahisi kwa lugha ya shambani. Wewe unaweza kumfikishia. Natamani uone uzito wa hilo.

Mitambo_Sakina

Dada fundi amemaliza upande wa maandishi. Mimi natengeneza tovuti hapa Sakina, naongeza ya kiufundi.

Nimeifungua blogu yako kwa simu. Picha unazipandisha zikiwa kama zilivyotoka kwenye kamera, na picha moja ya simu za sasa inafika MB 4 au 5. Makala yenye picha nane inamla mkulima MB 30 na kitu. Ataiacha kabla haijafunguka, hasa huko mgombani mtandao unakosumbua. Punguza kila picha ifike chini ya KB 200, macho hayataona tofauti. Na yale matangazo yanayofunika ukurasa mzima, yaondoe. Umesema mwenyewe hayalipi.

Kama unatumia WordPress, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kusoma, angalia kama kile kiboksi cha kuzuia mitambo ya utafutaji kina tiki. Mafundi wengi wanakiweka wakati wa kujenga na kusahau kukitoa. Blogu inakaa mwaka mzima Google wamefungiwa mlango.

Kingine: jina la blogu limesajiliwa kwa barua pepe ya nani? Nimeona blogu za watu hapa mjini zikipotea kwa sababu jina lilikuwa mikononi mwa fundi, fundi akabadilisha namba, mwaka wa malipo ukapita, likachukuliwa na mtu mwingine. Liwe lako, na nakala ya makala zote iwepo kwako pia.

Na kwa kuwa umekuwa ukiweka habari za viongozi: kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018 na leseni yake, zikaja nyingine 2020, halafu marekebisho 2022. Usiende kwa kusikia. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha, waulize blogu ya aina yako inatakiwa nini.

Kihamba_Kibosho

Dada fundi, asante sana, nimesoma mara mbili. Mkuu wa Sakina, kiboksi nimekikagua, hakina tiki. Jina limesajiliwa na jamaa mmoja wa mjini, namfuata wiki hii.

Nimeanza kuondoa ajira na mpira. Swali moja: zile simulizi zina watu wanaozifuata kweli, wanauliza sehemu inayofuata. Nao niwaache?

Fundi_Ngarenaro

Hao ni wasomaji wa kweli, usiwatupe. Wafungulie blogu yao, yenye jina lake, na uwaambie wazi umehamia wapi. Kama huna nguvu ya kulea mbili, chagua ile ambayo ungeiandika hata bila kulipwa.

Mkulima_Mkuu_Rombo

Samahanini kwa kuingilia. Huyu kijana wa Kibosho ndiye aliyeandika ile ya kukatia kahawa? Niliifuata, mibuni yangu imechipua vizuri. Nikatafuta nyingine nikakuta mambo ya mpira, nikajua blogu imeuzwa. Sasa kahawa yangu punje zikiwa bado changa zinapata madoa meusi yaliyobonyea, zinakauka na kudondoka. Jirani anasema jua kali. Ni kweli?

Kihamba_Kibosho

Shikamoo mzee. Ndiyo mimi, na blogu haijauzwa.

Ninavyosikia maelezo yako, hiyo ni chulebuni, ugonjwa wa ukungu unaoshika punje za kahawa. Jua peke yake kwa kawaida halitoi doa jeusi lililobonyea kwenye punje ya kijani. Inashika zaidi punje zikiwa zinakua, wiki chache baada ya maua, na inapenda unyevu na baridi, ndiyo maana huku juu inatusumbua. Punje zote zenye madoa zikusanye uzitoe shambani, pamoja na zilizokauka mtini. Punguza matawi hewa ipite, na kama migomba imesongamana sana punguza kivuli. Dawa ya kopa, yaani mrututu, inapigwa kabla mvua hazijaanza na kurudiwa mvua zikiendelea. Ukisubiri punje zimeshakuwa nyeusi, hizo hazirudi. Kipimo fuata kibandiko cha dawa uliyonunua.

Mibuni yako ni ya aina za zamani, kama N39 au KP423? Hiyo inashikwa kirahisi. TaCRI wana miche inayohimili chulebuni na kutu kwa pamoja, ukianza kubadilisha mistari michache michache hutakosa mavuno mwaka mzima.

Naomba unitumie picha ya punje moja karibu na ya tawi zima, mzee. Kwa ruhusa yako nitaziweka kwenye makala, bila jina lako.

Mkulima_Mkuu_Rombo

Marahaba. Ni N39, aliipanda marehemu baba. Picha nakutumia jioni mjukuu akirudi shule, simu yangu haina kamera nzuri. Hiyo miche ya Lyamungu naagiza vipi nikiwa huku Rombo?