Anayesoma chuo kwa Kiingereza huko Quebec, alazimishwe kufaulu Kifaransa?

Ndugu wachangiaji, tangu jimbo la Quebec nchini Kanada lipitishe sheria ya mwaka 2022 ya kukiimarisha Kifaransa, ijulikanayo kama Muswada wa 96, mwanafunzi wa CEGEP ya Kiingereza, chuo kinachomtoa mtu sekondari na kumfikisha chuo kikuu au kazini, hapati tena stashahada kwa Kiingereza peke yake. Mwenye cheti cha haki ya kusoma kwa Kiingereza, ambacho aghalabu hutokana na mzazi kusoma shule ya msingi kwa lugha hiyo nchini Kanada, hutakiwa kusoma kozi tatu zaidi za Kifaransa au tatu zinazofundishwa kwa Kifaransa. Asiye nacho hufanya mtihani uleule wa kumalizia wanaoufanya wenzake wa vyuo vya Kifaransa.

Lengo silipingi hata kidogo, kwani muuguzi wa Quebec asiyeweza kumuuliza mgonjwa maumivu yalianza lini hajaiva kwa kazi hiyo. Ninachokipinga ni kipimo. Mtihani huo kwa miaka mingi umekuwa insha ya uhakiki wa fasihi yenye maneno 900, inayoandikwa kwa saa nne na nusu, ilhali binti anayesomea kazi za maabara atahitaji kuisoma fomu ya daktari na kumweleza bibi kizee kwa nini anatolewa damu mara ya pili. Hao wa kozi tatu nao wanaihofia alama R, kipimo cha matokeo ya CEGEP kinachoamua nani aingie udaktari au sheria: ukisoma historia kwa lugha usiyoimudu, utaangushwa na lugha huku historia unaijua.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Ndugu mtoa mada, mimi ni mama wa Bukavu, naishi Montréal. Wanangu walianzia shule ya Kifaransa, kwa kuwa Sheria ya 101 ya mwaka 1977 haituachii sisi wahamiaji njia nyingine, kisha mkubwa akachagua chuo cha Kiingereza. Mtihani anaoulalamikia ndio huohuo wanaoufanya aliokaa nao dawati moja miaka 11. Kuvuka barabara tu ndiko kumwondolee wajibu?

*Mtoa mada:*
Mama, kwa mwanao nakubali, na hoja ya dawati sikuwa nimeifikiria. Lakini yupo kijana aliyetua kutoka Dar es Salaam akiwa na miaka 16, akapitia darasa la mapokezi kujifunza Kifaransa kuanzia salamu, akamaliza sekondari kwa jasho, na sasa anadaiwa insha ileile. Huyo ningemkalisha mbele ya mtahini, wazungumze nusu saa juu ya kazi anayoisomea, kisha aandike ripoti ya ukurasa mmoja.