Binti wa Form Three katimuliwa wiki tatu kisa ubuyu, hii "ziro tolaransi" (kutovumilia kosa lolote) mmeiokota wapi?

Wakuu salama? Mimi siyo salama hata kidogo, nina hasira mpaka chai ya asubuhi imenishinda, so nikikosea herufi mnisamehe. Na modi naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho, najua kichwa cha habari kinachekesha ila kilichotokea hakichekeshi.

Nipo Dodoma, pande za Nkuhungu. Naishi na mtoto wa dada yangu, anasoma kidato cha tatu shule moja ya kata hapa hapa jijini, jina la shule sitaji na msinifuate PM kuniuliza. Mama yake yupo Kongwa, bibi yake huwa anatuma ubuyu wa kutosha tu maana huko mibuyu ipo, binti anaupika mwenyewe na sukari na rangi na iliki, anafunga vipakti vya mia mia. Mtaani wanaugombania. Sasa akawa anaweka pakti kadhaa kwenye begi anauza brek kwa wenzie, hela inamsaidia daftari na nauli, maana nauli ya mwanafunzi ni 200 lakini nyie wa Dodoma mnajua asubuhi konda akiona sare anageuza shingo, watoto wanaachwa kituoni hivi hivi, ukitaka kuwahi geti lazima ulipe ya mtu mzima au utembee. Nilikuwa najua anauza? Ndiyo nilikuwa najua, na sikuona ubaya na mpaka hii leo siuoni.

Wiki iliyopita wakafanya msako wa mabegi. Walikuwa wanatafuta simu. Simu hawakupata, wakapata ubuyu.

Akatolewa mbele mstarini, shule nzima inaangalia, mwalimu wa nidhamu (mwanaume, shikeni hilo) akaanza kumchapa mikononi. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Mtoto akapokea vyote. Cha tano akavuta mkono. Basi. Hapo ndo kesi ikabadilika, ikawa siyo ubuyu tena, ikawa "amekataa adhabu". Barua niliyoletewa nyumbani ina makosa mawili, kufanya biashara eneo la shule, na kukataa adhabu kwa makusudi. Kasimamishwa wiki tatu, akirudi aje na mzazi na mzazi asaini karatasi kwamba likitokea kosa lingine lolote, LOLOTE wakuu, hata kuchelewa, basi anafukuzwa moja kwa moja bila mjadala.

Nikaenda. Nikavaa vizuri kabisa, nikajiambia leo sipandishi sauti, walimu nawaheshimu, mama yangu mdogo mwenyewe kafundisha mpaka kastaafu. Nikakuta mkuu wa shule yupo na msaidizi wake na huyo wa nidhamu. Nikasalimia, nikakaribishwa kiti, nikasema jamani walimu wangu nimekuja tuelewane. Najibiwa nini? "Mzazi, shule yetu ni ziro tolaransi." Nikasema sawa nimekuelewa mwalimu, ila naomba tuangalie hili kosa lenyewe. "Mzazi, nimekwambia ziro tolaransi, hatuangalii kosa dogo wala kubwa." Yani kila nilichosema jibu ni hilo hilo, nikasema mtoto hajawahi kuwa na kesi tangu form one, ziro tolaransi, nikasema mitihani ya muhula inakuja, ziro tolaransi, nikajisemea moyoni hapa hata nikiwaambia ofisi inaungua nitajibiwa ziro tolaransi.

Halafu wakanitolea ile joini instrakshen, ile fomu ya kujiunga ambayo sote tunasaini bila kusoma siku ya kwanza. Sasa kaisomeni yenu mliyo nayo nyumbani. Kuna orodha ya makosa ya kufukuzwa shule, wizi, ubakaji, bangi na madawa ya kulevya, kumpiga mwalimu, kuharibu mali ya umma, kugoma, simu ya mkononi, na kukataa adhabu humo humo. Hawa wa kwetu wakaongeza na yao kwa kompyuta, "kufanya biashara ya aina yoyote". So ubuyu wa mia na bangi vimepanga nyumba moja. Nikamuuliza msaidizi, mwalimu kweli hivi viwili uzito wake ni sawa? Akasema "tunajuaje kwenye hizo pakti kuna nini?" Nikamwambia fungua uonje. Mwenzie karibu acheke, akajikaza.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa maana hapa ndo nilipokasirikia.

Hii nchi viboko shuleni vina kanuni. Siyo siri, ipo tangu 1979 na ikatolewa upya 2002 kwa GN (tangazo la serikali) namba 294. Inasema kiboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, siyo kila kitu. Inasema visizidi VINNE. Inasema anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyekasimiwa na mkuu kwa maandishi, na kila mara apate kibali cha mkuu kwanza. Inasema mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, labda shule isiwe na mwalimu wa kike kabisa (pale walimu wa kike nimewaona kwa macho yangu, wamejaa). Na inasema kila mara iandikwe kwenye kitabu maalum, jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, jina la mwalimu aliyechapa, mkuu asaini. Na mkuu anayekiuka anachukuliwa hatua.

Sasa mtoto kachapwa na mwanaume, vinne vimeisha, anaongezewa cha tano, anavuta mkono. Hiyo aliyokataa ni adhabu gani? Adhabu kwa mujibu wa kanuni ilishaisha kwenye cha nne, na hata hivyo vinne vyenyewe havikutakiwa kuchapwa na yule. Kile cha tano hakina jina kwenye sheria yoyote ya shule. Huwezi kuvuka mstari wewe halafu ukamshitaki mtoto kwa kutokuvuka na wewe.

Nikaomba, kwa adabu kabisa, mkuu naomba nione kile kitabu cha adhabu. Chumba kikawa kimya. Mwalimu wa nidhamu akaniuliza "kwani wewe mzazi ni mwanasheria?" Mimi nauza mabati na misumari, siyo mwanasheria, ila kusoma najua. Mkuu akasema kitabu kipo lakini ni nyaraka ya ndani. Sawa. Nikauliza, kibali cha maandishi cha huyu mwalimu kipo? Akasema hayo ni mambo ya utawala. Sawa. Kwahiyo ziro tolaransi ni kwa mtoto wa miaka 16 tu, nyie watu wazima wenye mishahara kanuni zenu mnazivumilia mpaka zinaota ukungu!

Na nikiwa natoka pale, saa ya brek, nikapita karibu na kantini. Wanauza nini? Karanga, barafu, maandazi, na UBUYU. Vipakti vya mia mia vile vile. Nikauliza kijana mmoja kantini ya nani, akacheka tu akaangalia pembeni. Sisemi kitu, nyie watu wazima.

Kuna hili la Marekani sasa. Msaidizi wa mkuu alinichomekea kwamba hata Marekani shule zinaenda kwa ziro tolaransi ndo maana wameendelea. Nikarudi nyumbani nikawa nasoma usiku kucha kwenye simu, bando limekwisha lakini nimeelewa. Ni kweli kule ilishika moto, mwaka 1994 walipitisha sheria kwamba mwanafunzi akileta bunduki shule anafukuzwa mwaka mzima. BUNDUKI wakuu, siyo ubuyu. Na hata hiyo sheria ya bunduki iliacha mlango, kiongozi wa elimu wa eneo anaweza kupunguza adhabu kwa kuangalia kesi moja moja. Shule ndo zikaichukua zikaipanua zenyewe mpaka zikafika kwenye mambo ya aibu. Mwaka 2009 huko Delaware mtoto wa miaka 6 alikwenda shule na kile kifaa cha kambini chenye kijiko, uma na kisu pamoja, alifurahi tu alie nacho chakula cha mchana, wakataka kumpeleka shule ya watoto watukutu siku 45, mpaka watu wakapiga kelele ndo wakalegeza. Mwaka 2013 Maryland mwingine wa miaka 7 kasimamishwa shule kwa kung'ata kitafunwa kikatokea umbo la bastola. Kitafunwa! Na chama chao cha wanasaikolojia kiliunda jopo likapitia tafiti zote, ripoti ikachapishwa 2008, ikasema hakuna ushahidi kwamba hii kitu imefanya shule ziwe salama zaidi, na wanaosimamishwa ndo hao hao wanaokuja kusimamishwa tena au kuacha shule kabisa. Wenyewe wameanza kuitupa sisi ndo kwanza tunaiokota jalalani tunaivalisha tai.

Na hiyo kuacha shule ndo inaninyima usingizi. Mtu akisema wiki tatu anaona kama likizo, wewe una binti? Sisi wakubwa tunaondoka saa moja tunarudi giza, binti yupo nyumbani peke yake, na bodaboda wa kijiweni wanajua kabisa kwamba fulani hayupo shule. Hao bodaboda wanapaki kila jioni nje ya geti la ile shule, wanawaita mabinti kwa majina, wanawapa lifti za bure, kila mtu anajua lifti ya bure bei yake nini. Hapo ziro tolaransi sijaiona. Hakuna mwalimu wala mgambo aliyetoka kuwafukuza. Halafu mimba ikiingia kila mtu anashika kiuno anamshangaa mtoto. Serikali yenyewe ilishaona haifai kumtupa mtoto moja kwa moja, si mnakumbuka Novemba 2021 ilitangazwa kwamba hata waliojifungua warudi shule, na waraka ukatoka, baada ya miaka yote ile ya akitoka katoka? Kwahiyo juu wameshafungua mlango, huku chini mtu ananiambia likitokea lingine LOLOTE hakuna mjadala.

Sikatai, walimu wana kazi. Darasa la yule binti wapo wengi mpaka wengine wanakaa madirishani, kuna vijana pale wananuka bangi kweli na kuna mwalimu alishawahi kutishiwa. Hao washughulikieni, mimi mwenyewe nitashika fimbo ya pembeni. Ila kukaa na mtoto ukamuuliza umefanya nini na kwanini ndo ualimu wenyewe huo. Ukishakuwa na neno moja la kujibu kila kitu huhitaji hata mwalimu pale, weka spika.

Karatasi yao sijasaini. Jumatatu naenda ofisi ya afisa elimu sekondari wa jiji na barua yangu, nataka mambo matatu tu: binti arudi darasani, "kukataa adhabu" ifutwe kwenye faili lake, na kile kitabu kifunguliwe mbele yangu.

NYONGEZA: naona comments zimeanza. Mkuu uliyesema "mtoto asipofunzwa na mamaye", soma uzi wote kwanza, hakuna aliyesema asifunzwe. Na yule anayesema nimhamishe tu nisigombane na walimu, nimhamishie wapi mkuu, na wale wengine waliobaki pale wana wajomba wa kuwahamisha? Na aliyesema viboko vimetulea sote tukawa watu, sawa kaka, kumbuka tu 2016 Mbeya ile video ya walimu wa mazoezi wanamshambulia kijana wa form three kama mwizi, na 2018 kule Bukoba mtoto wa primari alikufa kabisa baada ya kupigwa na mwalimu. Kanuni ya vinne haikuwekwa kwa mapambo.

Ninachohitaji kwa wenye uzoefu: kuna mtu amewahi kudai kuona kitabu cha adhabu akakipata? Barua niielekeze kwa mkurugenzi wa jiji nakala afisa elimu, au nianze na bodi ya shule? Na mwenyekiti wa bodi anapatikanaje maana pale shuleni namba yake nimenyimwa. Jibuni hapa hapa wengine nao wasome.