Toyota Noah imekufa injini: nitengeneze au niuze kama ilivyo?

Zabibu_Hombolo
Wakuu, habari za leo. Noah imekufa injini. Fundi anasema dawa yake ni kubadilisha mashine nzima. Dalali wa mtaa wa Majengo hapa Dodoma kaliangalia, ana mteja wa milioni 5.5 taslimu kama lilivyo, na anataka jibu kabla ya Jumamosi. Bodi safi, viti safi, tairi nne mpya. Nitengeneze au niache liende?

SpanaKumi
Mkuu, "imekufa injini" haitoshi kukushauri. Jibu haya kwanza: Noah ipi, old model yenye injini ya 3S au hii ya AZR60 iliyofuata? Mwaka gani? Ilichemsha au ilianza kugonga? Ukipiga stata inazunguka? Oili kwenye stiki ina rangi gani? Maji yalikuwa yanapungua? Na huyo fundi amefungua kitu gani mpaka akafikia mashine nzima?

DerevaWaBahi
Na likiwa zima linauzika ngapi hapa mjini? Bila hiyo namba hakuna hesabu.

Zabibu_Hombolo
Samahani wakuu. Ni AZR60 ya 2005, injini 1AZ-FSE, D4 (petroli inaingia moja kwa moja kwenye silinda). Ilikuwa inakula maji kama lita moja kwa wiki, inaongezwa ya bomba. Kwenye mlima wa Kolo mshale ukapanda mpaka mwisho, maji yakatapika kwenye rizavu. Ikapozwa, ikaendeshwa hadi Kondoa mjini, kutoka hapo ikavutwa. Sasa inawaka kwa shida, inatetemeka, inatoa moshi mweupe. Oili haijabadilika rangi. Fundi hajafungua chochote. Nzima zenye hali kama hii zinatajwa 11 hadi 12.

SpanaKumi
Basi fundi amekuhukumia gari bila kulipima.

Maji kupungua taratibu bila kuchafua oili, halafu siku moja ikachemka mlimani, ndio ugonjwa unaojulikana wa familia ya injini za AZ. Bloku ni ya alumini, boliti za hedi (kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku) ni za chuma, saizi M11 kwa 1.5, yaani unene milimita 11 na hatua ya uzi 1.5. Uzi ndani ya bloku za mwanzo ulikuwa mfupi, kama milimita 24. Baadaye Toyota wakauongeza hadi 30. Joto likirudiarudia, uzi wa alumini unachoka na kung'oka, hasa boliti za nyuma upande wa dashibodi. Boliti inaonekana imekaa mahali pake lakini haibani tena. Hedi inaachia kidogo, maji yanavujia nje nyuma ya injini ambako hakuna anayechungulia, yanakaukia juu ya chuma cha moto. Chukua tochi na kioo kidogo, angalia pale hedi inapokutana na bloku kwa nyuma. Ukiona michirizi myeupe au ya waridi iliyoganda kama chumvi, umepata jibu.

Kabla ya kumjibu dalali fanya vipimo vitatu, vyote havizidi nusu siku.

Kwanza kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Toa plagi zote nne, zima mafuta, kanyaga eksileta mpaka chini, piga stata sekunde tano kila silinda. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 15. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi (kizibo kati ya hedi na bloku) imeungua katikati yake. Ikiwa moja iko chini, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi urudie: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Pili, dawa ya bluu ya kupima gesi kwenye rejeta. Ikigeuka njano, moto wa silinda unaingia kwenye maji.

Tatu, shusha oili yote kwenye beseni safi, ipitishe kwenye kitambaa cheupe. Ukiona vichembe vya shaba au vinavyong'aa, beringi zimeguswa na hesabu inabadilika kabisa.

Gerezani_Express
Mimi nakuambia usihangaike na hedi. Nunua injini ya mtumba Kariakoo, mtaa wa Gerezani zimejaa. Bei niliyoisikia wiki hii ni 2.4 hadi 2.6, na kuifunga laki tatu na nusu. Siku mbili gari barabarani.

DukaLaSpea_Sabasaba
Kaka Gerezani, siku mbili ni kwa injini iliyokuja na kila kitu chake. D4 ina pampu ya presha kubwa inayoendeshwa na kemu, nozeli zinamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kontroboksi yake. Ukiletewa 1AZ-FE ya kawaida ukaambiwa ni ileile, hedi haifanani, nozeli hazifanani, waya hazifanani. Angalia pampu ya presha na nozeli zenyewe, usiangalie kilichoandikwa kwa maka pen juu ya kava. Linganisha pia vishikio, sampo (beseni la oili chini ya injini) na manifoldi kabla ya kulipa, maana 1AZ-FSE ilifungwa pia kwenye Premio, Allion na RAV4.

Tena injini ya mtumba ya miaka ileile ina uzi mfupi uleule. Unaweza ukanunua ugonjwa uliokimbia. Zungusha krenki kwa spana raundi mbili kamili, isikwame popote. Fungua kifuniko cha oili, chini yake pasiwe na lami nyeusi. Chungulia tundu la maji: kutu nyekundu nzito maana yake ililishwa maji matupu. Na tazama vichwa vya boliti za hedi, zikiwa na alama za spana ujue ilishafunguliwa.

DerevaWaBahi
Ndiyo maana nasema auze. Hata hedi ikipona, kwenye D4 valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli, masizi yanajaa, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga eksileta) inaanza kucheza. Pampu ya presha nayo ikichoka ni fedha nyingine. Chukua 5.5, ongeza, tafuta old model ya 3S. Bloku ya chuma, fundi yeyote kutoka Manyoni mpaka Gairo anaijua.

SpanaKumi
3S ni mashine nzuri, sibishi. Lakini old model ziliisha kutengenezwa 2001. Unamwambia auze ya 2005 yenye bodi safi akanunue yenye kutu za robo karne. Na ile ina mkanda wa taimingi, hii ina cheni.

FundiMsalato
Nieleze gari moja la aina hiihii lililofikishwa hapa Msalato, ili mkuu ajue kinachoharibu kazi hii siyo injini, ni mkono.

Ilikuwa na boliti tatu za nyuma zimeng'oa uzi. Gereji ya kwanza walichimba matundu kwa drili ya mkononi, wakatoboa uzi wa M12, wakaweka boliti za gari lingine. Makosa yalikuwa manne kwa mpigo. Drili ya mkononi haisimami wima: tundu mbili zilikuwa zimelala kidogo, ukitia boliti unaona kwa macho kichwa chake kimekaa upande. Boliti iliyolala inabana upande mmoja wa hedi. Pili, hawakuziba njia za oili wala silinda walipochimba. Tatu, hedi ilirudishwa bila kupimwa. Nne, walikaza kwa nguvu ya mkono na bomba refu, bila spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza.

Gari liliwaka vizuri, mwenye gari akakabidhiwa. Wiki ya tatu taa ya oili ikaanza kupepesa sailensi, kisha mlio wa kugonga chini. Sampo ilipofunguliwa, alumini ilikuwa imetulia chini ya oili kama unga wa pambo, chujio la pampu limejaa, beringi ya konrodi ya tatu imezunguka mpaka imekwaruza krenki. Yale mabaki ya kuchimba yalishuka na oili. Kwa fedha ya gereji mbili angeweza kununua injini na kubaki na chenji. Liliuzwa spea.

Njia sahihi ipo. Ni bushi za uzi za chuma, zile imara za aina ya Time-Sert za M11 kwa 1.5, siyo zile za kukunja kama springi. Zina bamba la kuongozea drili: unalifunga juu ya bloku, drili inashuka wima na kwa kina kilekile kila tundu. Ziba silinda na njia za oili kwa vitambaa na grisi, vuta vumbi kwa vakyum, osha, pulizia hewa. Na usiweke tatu tu. Weka zote kumi, kwa sababu saba zilizobaki zimepikwa kwenye moto uleule.

Hedi iwekwe rula ya chuma iliyonyooka, pande sita: urefu mara mbili, upana mara mbili, na mshazari mara mbili. Fila gegi (bamba jembamba la kupimia) ya milimita 0.05 ikipita, hedi inapelekwa kuskimiwa, yaani kusawazishwa kwa mashine. Gasketi mpya, boliti mpya. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa toki ya kitabu, kisha digrii 90 kila moja. Silikoni usipake kwenye gasketi ya hedi hata chembe.

Zabibu_Hombolo
Asante sana mkuu. Bushi zinapatikana Dodoma? Na kwa jumla nijiandae na kiasi gani?

DukaLaSpea_Sabasaba
Kumi kamili mara nyingi zinaagizwa Dar, zinafika na basi kesho yake. Kwa bei za wiki hii dukani: gasketi seti, boliti kumi, bushi, oili na filta, kulanti (maji maalumu ya rejeta), themostati (valvu ya maji ya kupoza) na kifuniko cha rejeta, weka laki sita na nusu. Kuskimu na ufundi laki nne. Hapo nimechukulia beringi ni nzima. Usisahau kifuniko cha rejeta, watu wanakidharau. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi joto 96 hivi. Presha ya kile kifuniko, kilichoandikwa 108 kPa au 1.1, ndiyo inayoyazuia yasichemke. Springi yake ikilegea, gari linatapika maji hata kama feni ni nzima.

DerevaWaBahi
Na themostati waitoe tu. Nchi hii ya joto inazuia maji ya nini?

FundiMsalato
Hapana ndugu yangu, ushauri huo umeua mashine nyingi. Themostati ya hii inafunguka kuanzia nyuzi 80 hadi 84. Kwenye Toyota nyingi ina kisahani cha chini ambacho ikifunguka kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Mjini utaona imepoa. Mlimani na mzigo ndipo itakapokuumbua. Halafu kompyuta inadhani injini ni baridi, inaongeza petroli.

DerevaWaBahi
Daladala ngapi za Nkuhungu zinatembea bila themostati na hazichemshi?

FundiMsalato
Zinatembea tambarare. Zipeleke Kolo na abiria saba.

Gerezani_Express
Chanzo ni maji ya bomba jamani. Maji yetu yanatoka visima vya Mzakwe, mazito, kila mmoja anajua sufuria ya chai ya Dodoma inavyoota ukoko mweupe. Ukoko uleule unaota ndani ya rejeta. Lita moja kila wiki mwaka mzima ni zaidi ya lita hamsini za maji yenye chumvi humo ndani.

SpanaKumi
Hapo tuko pamoja. Mkuu, hata ukibadilisha injini, rejeta ile usiirudishe kabla haijafunguliwa na kusuguliwa. Iguse rejeta wakati injini imepata moto: sehemu zenye ubaridi ndizo zilizoziba. Baada ya hapo ni kulanti na maji yaliyochujwa chumvi, nusu kwa nusu.

BiChang'ombe
Nimesoma yote, kuna jambo moja mmelipita. Kadi ya gari ina namba ya injini. Akifunga injini nyingine bila kupeleka mabadiliko TRA, siku ya kuuza mnunuzi makini atakagua na kuondoka. Adai risiti na karatasi za injini huko anakonunua. Akitengeneza hedi, bloku ni ileile na kadi haiguswi. Na akiamua kuuza kama lilivyo, asimkabidhi mtu kadi kwa mkono tu, umiliki uhamishwe siku ileile. Gari likipata tatizo baadaye, jina lake ndilo lililo kwenye mfumo.

DerevaWaBahi
Dada umesema kweli. Ila bado nasimama pale pale: 5.5 mkononi ni uhakika.

SpanaKumi
Huyo mteja wa dalali naye anajua ni hedi. Anatoa 5.5, anaweka milioni moja, anauza 11. Mwambie dalali asubiri vipimo. Oili ikiwa safi, tengeneza hedi. Ikiwa na shaba, hapo ndipo 5.5 inafanana na bei.

Zabibu_Hombolo
Oili imeshushwa leo jioni. Kitambaa hakina shaba, ila kuna vichembe vichache vyeusi, vidogo kama mbegu za ulezi, vinapondeka kwa kucha. Kompresheni: silinda ya kwanza 165, ya pili 95, ya tatu 90, ya nne 160. Dalali amepiga simu mara mbili, sasa anasema 5.8.

FundiMsalato
Vinavyopondeka ni masizi ya oili iliyoungua, siyo chuma. Mbili na tatu chini pamoja ni gasketi katikati. Fungua hedi kwanza, na kila boliti unayotoa angalia uzi wake: ukitoka na alumini imejisokota juu yake, piga picha utuwekee.

Gerezani_Express
Ya 2005 gia boksi si ni CVT, ile otomatiki ya mkanda? Akifungua, abadilishe na oili ya gia. Aweke ATF, oili ya otomatiki za kawaida, au?

DukaLaSpea_Sabasaba
Kaka, usije ukaweka ATF kwenye CVT. Ni CVTF TC. Fungua mada nyingine tulijadili hilo, lina mambo mengi.