Naomba ushauri: kupima x2 na K56flex kwenye maabara moja

Wakuu, heshima kwenu. Lengo ni kufufua ule mvutano wa 1997 wa modemu za kbps 56: x2 ya U.S. Robotics upande mmoja, K56flex ya Rockwell na Lucent upande wa pili, kabla V.90, kiwango cha pamoja cha ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), haijawapatanisha mwaka 1998.

Modemu mbili za kawaida zikipigiana hazivuki kbps 33.6. Ili zivuke, upande wa seva lazima uwe wa kidijiti, ISDN au E1 (laini za simu za kidijiti), na njiani pawe na ugeuzaji mmoja tu kati ya kidijiti na analogi. PBX (swichi ya simu za ndani) ndogo ya analogi ikikaa katikati inaongeza ugeuzaji mwingine, na kila kitu kinarudi V.34, kiwango cha zamani cha kbps 33.6. Hapo ndipo wengi hukwama, wakidhani modemu ni mbovu! Halafu modemu ya x2 ikipiga seva ya K56flex, nayo inashuka V.34 bila kulalamika.

Mpango: Courier I-Modem ya U.S. Robotics kwenye ISDN iwe seva ya x2, Cisco AS5300 (seva ya kupokea simu za modemu) yenye kadi za modemu za MICA ihudumie K56flex. Kwa modemu za upande wa mteja, mpangilio S32=66 unazima V.90 kwenye U.S. Robotics, ibaki x2; kwenye Rockwell, amri ya kuchagua K56flex ni AT+MS=56.

Naomba kujua: toleo gani la programu ya MICA linashika K56flex vizuri zaidi? Na kuna PBX ya ISDN ya bei nafuu isiyobadilisha sampuli 8,000 za sauti zinazopita kila sekunde kwenye laini ya kidijiti? Hili la pili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi.