Sabufa (spika ya besi) moja kubwa ya tundu au mbili ndogo za kufungwa? (mziki + muvi)

Kochi_la_Kati
Wakuu habari zenu, naomba ushauri maana nimezunguka mwezi mzima sijaamua. Sebule ni mita 5 kwa 4, TV iko ukuta mfupi, kochi limeegemea ukuta wa nyuma katikati kabisa. Mziki ni kama asilimia 70, muvi wikiendi. Hela iliyopo inatosha sabufa moja ya inchi 15 ya tundu (boksi lina tundu la hewa) au mbili za inchi 10 za kufungwa (boksi limezibwa kote), siyo vyote. Niliyonayo sasa ni ya inchi 8, ipo kona karibu na TV, na shida yake ni hii: gitaa la besi likitembea ngazi kuna noti moja inalipuka mpaka glasi zinacheza kabatini, halafu zile za chini kabisa sizisikii, utadhani mpigaji katoka kunywa maji.

mzito_wa_besi
Chukua 15 bana usijiulize mara mbili. Piga hesabu ya eneo la koni, inchi 10 mbili ni kama inchi za mraba 157, 15 moja ni 177, na hapo hujaweka msaada wa tundu. Mlipuko wa muvi unashuka mpaka hezi 20 huko (hezi ni mitetemo kwa sekunde, zikipungua sauti inakuwa nzito), kale ka inchi 10 kwenye boksi la kufungwa kakifika huko kanahema tu. Mimi nina 15 na suruali inapepea nikiwa nimekaa.

fundi_solda
Mzito suruali yako haina ubishi lakini hujasoma swali lake. Mkuu Kochi, shida yako siyo sabufa, ni chumba. Sauti inakimbia karibu mita 343 kwa sekunde, gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba, 343 kwa 10 unapata hezi 34. Hilo ndo wimbi la kwanza linalosimama kati ya ukuta wa TV na ukuta wa nyuma (sehemu fulani za chumba noti yake inavuma, sehemu nyingine inapotea), la pili ni mara mbili yake, hezi 69 hivi. Sasa wewe umekaa ukutani, na ukutani mawimbi yote hayo yapo kileleni, halafu sabufa ipo kona ambako inayaamsha yote kwa mpigo. Naweka dau noti inayolipuka iko jirani na 69. Upana nao, 343 kwa 8 ni 43, na wimbi la kwanza la upana linakufa katikati ya chumba, yaani hapo hapo ulipoketi. E ya chini ya gitaa la besi ni hezi 41. Umeona zinakopotelea?

Ukileta 15 ukaiweka kona ile ile utapata noti ile ile ila na jirani atakuja kugonga mlango.

mzito_wa_besi
Kwa hiyo tununue tochi ya kumulika mawimbi 😂

DadaWaFilimu
😂😂 Mzito acha hizo. Mimi nimepitia zote mbili niseme. Ya tundu inapiga kwa nguvu mpaka hezi ambazo tundu limetuniwa, chini ya hapo inaanguka kwa kasi, desibeli 24 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktava (kila hezi zikipungua nusu), na koni inakosa hewa ya kuishika inapepesuka hovyo. Ya kufungwa inaanza kushuka mapema ila taratibu, desibeli 12 kwa oktava, halafu chumba kidogo ukifunga milango kinaisaidia kuipandisha huko chini. Kwa mtu wa mziki asilimia 70 mimi nasema ya kufungwa, teke la dramu linagonga na kukata, haliachi mkia. Kwa muvi tupu ningeenda na Mzito.

Ila kabla ya yote angalia risiva yako, ile amplifaya inayoendesha spika. Mimi mwaka mzima nililalamika sauti za kiume zimekonda, kumbe nimeweka krosova (mpaka wa hezi unaogawa sauti kati ya sabufa na spika) 80 kwenye risiva halafu nobu ya nyuma ya sabufa nayo imesimama 80, zinakata mara mbili palepale. Kama risiva ndo inayokata, nobu ya sabufa izungushe mpaka mwisho au chomeka waya kwenye tundu lililoandikwa LFE, hilo linairuka nobu. Spika za mbele weka "small" kwenye risiva, yaani besi yake iende sabufa, hata kama ni ndefu kama mlango, watu huwa wanaona aibu kuweka small sijui kwa nini.

kelele_kiasi
Mi naweka nyuma ya kochi naenda kulala

Kochi_la_Kati
Fundi umenipa kazi. Nimepakua programu ya kutoa toni, nikapandisha taratibu, imelipuka kwenye 68. Asee! Nifanyeje sasa kabla sijatoa hela?

fundi_solda
Bure kwanza. Vuta kochi mbele hata sentimita 60. Halafu ipandishe sabufa juu ya kochi pale unapokaa, weka wimbo wenye besi inayotembea uurudie rudie, tambaa kwa magoti pembezoni mwa kuta, masikio usawa wa sakafu. Pale utakaposikia noti zote zinatoka sawa sawa ndo pa kuiweka. Mimi wife alinikuta nimeinama hivyo akadhani nasali akazima mziki kwa heshima.

Anza na ukuta wa pembeni, mita 1 na robo toka ukuta wa TV. Hiyo ni robo ya urefu wa chumba, pale wimbi la 69 limekufa kwa hiyo sabufa haiwezi kuliamsha. Ukiwa nazo mbili weka moja kila upande zikitazamana hapo hapo robo, zikipiga pamoja wimbi la upana zinalizima zenyewe, aliyekaa pembeni ya kochi anasikia karibu sawa na aliyekaa kati. Hiyo kitu sabufa moja haikupi hata iwe inchi 18.

mzito_wa_besi
Sawa hapo kwenye kutazamana nakubali. Ila ya hezi 20 sijarudi nyuma.

DadaWaFilimu
Na hakuna aliyekurudisha kaka.

Kochi_la_Kati
Mrejesho. Nimetambaa, magoti yameisha. Kweli bwana, ukuta wa kushoto, nimepima na futi ni mita 1.3 toka kwenye TV, ile noti imekaa chini na wenzake, na E nimeanza kuisikia baada ya kuvuta kochi, siyo nyingi ila ipo. Hii ni inchi 8 ile ile niliyotaka kuitupa! Uamuzi: naenda na mbili za kufungwa. Muvi zitapungua mtikisiko najua, Mzito utanisamehe. Swali la mwisho fundi, upande wa kulia mita 1.3 ndo kuna mlango, ikisogea mpaka 1.6 inaharibu sana?

fundi_solda
Haiharibu sana, 69 itarudi kidogo tu. Ila hakikisha mlango ukifunguka hauigongi.