Madokta wa macho na watu wa mifumo mnatuulia klemu: usaha ndani ya jicho SIYO macho mekundu!

Wakuu salaam. Nimevumilia sana ila leo imefika shingoni acha niseme. Mimi niko upande wa klemu, yaani madai ya malipo tunayopeleka bima, kwenye hospitali moja ya macho, jina siweki, na nyie wa humo ndani mkinijua kausheni.

Hivi inakuwaje mgonjwa katolewa mtoto wa jicho, siku chache anarudi jicho linamuuma mpaka kichwani, haoni, usaha umetuama mbele ya mboni mstari mweupe kabisa unauona hata bila mashine, halafu fomu yake ya bima inashuka kwangu, penye namba ya ugonjwa imeandikwa H10.9? H10.9 jamani! Hiyo ni konjanktivaitisi tu isiyotajwa aina, ndo haya macho mekundu ya mtaani. Tangu ule mlipuko wa mwanzoni mwa 2024 naona vidole vya watu vimezoea, akigusa H kwenye mfumo H10 inajileta juu yenyewe, anabonyeza, anaita mgonjwa mwingine.

Usaha wa ndani ya jicho una namba yake na wala haijafichwa. Endofthalmitisi, yaani kuvimba ndani ya jicho lenyewe, sisi tunaita endo tu, ile ya usaha ni H44.0, humo humo ndo kuna jipu la kwenye ute wa ndani ya jicho na lile jicho lililoliwa lote mpaka kuta zake. H44.1 ni endo nyingine, mfano ile jicho moja limeumia na hili zima nalo linaanza kuvimba kwa ndani. Ni mistari miwili mitatu kwenye ICD-10, kile kitabu cha namba za magonjwa cha WHO, Shirika la Afya Duniani, mtu aliyesoma udaktari halafu akaongeza miaka ya macho anashindwa nini kuikumbuka?

Mnaosema "si namba tu hiyo, matibabu si yale yale", ngoja niwaeleze huku chini kunavyokuwa. Mtu wa bima anayepitia maombi hajamwona mgonjwa, anaangalia vitu viwili, namba ya ugonjwa na kinachoombwa. Endo inatibiwa kwa kuchoma sindano za antibayotiki ndani ya jicho lenyewe, vankomisini miligramu 1 na seftazidimu miligramu 2.25, kila moja kwenye mililita 0.1, tena teatа (chumba cha upasuaji) inafunguliwa, na wengine wanaenda mpaka kutolewa ule ute wote. Sasa yule mtu anaona "macho mekundu" halafu chini kuna vankomisini ya ndani ya jicho na teatа, anajiuliza hawa wamerogwa? Anakataa kibali, anaandika matibabu hayaendani na ugonjwa. Na kusema ukweli hapo nashindwa hata kumlaumu, kwa karatasi aliyopewa kafanya sawa!

Anayeumia siyo dokta. Juzi kaja dada dirishani kwangu, baba yake kakaa kwenye benchi kafunika jicho na kitambaa anatikisa mguu kwa maumivu.

"Kaka, kadi ya mzee si iko hai?"
"Iko hai dada."
"Sasa mbona wananiambia nikatafute hela ya sindano?"

Nimwambie nini? Kwamba kuna mtu juu kabonyeza mstari wa kwanza kwenye orodha? Nikapanda ngazi na fomu mkononi, dokta yuko teatа, nikasubiri mlangoni na viatu vya plastiki, akatoka akasema "si ubadilishe tu wewe". Mimi nibadilishe! Siruhusiwi kumpa mgonjwa ugonjwa, mimi sijamulika jicho la mtu, nikibadilisha bila sahihi yako siku ya ukaguzi anayeitwa mwizi ni mimi. Na endo siyo ugonjwa wa kusubiri makaratasi, hapo inahesabiwa kwa masaa, bakteria wanakula retina huku sisi tunatumiana fomu.

Haya tuje kwa nyie watu wa mifumo. Mlituletea programu mpya, sijui mliokota wapi orodha ya magonjwa ya Marekani mkaibandika nzima nzima. Wamarekani wana toleo lao la ICD-10, wamelianza rasmi Oktoba 1, 2015, na wao wanataka jicho litajwe, kwa hiyo H44.001 ni kulia, 002 kushoto, 003 yote mawili, 009 haijasemwa. Ni kitu kizuri wala sibishi, ningependa na sisi tuwe nacho maana huku jicho gani linaandikwa kwa mkono pembeni na mwandiko wenyewe mnaujua. Lakini bima yetu inasoma la WHO! Dokta mmoja mwenye akili zake kachagua vizuri kabisa H44.001, ikaenda, ikarudi "msimbo haupo". Akakasirika, mara ya pili kaweka H10.9 kwa sababu hiyo inapita pande zote. Yaani mfumo ndo umemfundisha kukosea. Nimewaandikia, jibu "tumelipokea, linafanyiwa kazi". Linafanyiwa kazi wapi, mbinguni?

Kuna na hili la magonjwa yanayotoka mwilini yakaingia jichoni, hapa ndo vurugu tupu. Mgonjwa katoka zake Mahenge, usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi, umeingia mpaka ndani ya jicho, anatakiwa namba mbili: B73 yenye alama ya msalaba ndo chanzo, na H45.1 yenye nyota ndo inasema kilichotokea jichoni. Ya nyota haisimami peke yake, iko kwenye maelekezo ya kitabu. Nyie mnanipa H45.1 kavu. Au uvimbe wa mbele ya jicho uliotokana na TB, ni A18.5 na H22.0, mnaandika H20.9 "iridosaiklaitisi isiyotajwa" basi, halafu mnashangaa kwa nini kipimo cha TB cha huyo mgonjwa kimekatwa. Kimekatwa kwa sababu kwenye karatasi yako hakuna TB popote!

Sasa niseme lile ambalo watu hawapendi lisemwe. Siamini kwamba H10.9 yote ni uvivu. Nyingine ni woga. Endo baada ya upasuaji ikiandikwa, mkubwa anauliza nani alifanya, teatа ipi, siku ipi, na hakuna anayetaka jina lake litajwe kikaoni. Lakini someni basi! Y83.1 inasema upasuaji uliowekwa kifaa cha bandia, na lenzi ni kifaa cha bandia, ukaleta tatizo baadaye BILA kutajwa kosa wakati wa upasuaji. Kichwa chenyewe cha namba kinakutoa kwenye lawama, we unakimbia nini? Na mkificha mjue mnachoficha, maana wagonjwa watatu wa teatа moja wiki moja wakiandikwa H44.0 mtu anashtuka anaenda kuangalia maji ya kuoshea jicho na mashine ya kuchemshia vyombo. Wakiandikwa H10.9 ripoti ya mwezi inasema macho mekundu yameongezeka, tunabandika tangazo wanawe mikono, wa nne anaingia teatа ile ile.

Bima na nyie msicheke, zamu yenu. Mnakataa saa kumi na moja jioni ya Ijumaa kwa sentensi moja, namba ya simu haipokelewi mpaka Jumatatu. Mkiona vankomisini ya ndani ya jicho kwenye fomu ya macho mekundu si mpige simu muulize? Hakuna mtu duniani anachomwa sindano ndani ya jicho kwa starehe.

Yule mzee mwishoni kachomwa, familia ilichanga. Klemu yao ya kurudishiwa hela bado iko mezani kwangu inasubiri sahihi ya dokta yule yule.

Walioko klemu hospitali nyingine mje mseme mnafanyaje, hasa wenye mfumo wenye hii orodha ya Marekani, mmeutoaje? Mimi kuanzia kesho karatasi yoyote yenye H10.9 juu na sindano ya ndani ya jicho chini siipeleki bima, naipandisha ghorofani, na sitoki mlangoni pa teatа mpaka isainiwe upya. Na atakayeniambia "badilisha tu wewe" aniandikie hayo maneno kwenye karatasi aweke na muhuri.